Wageni wa Wiki Mbili

Mwishoni mwa Oktoba 1998 kimbunga Mitch kiliipiga Honduras, kikaua maelfu ya watu na kuziacha familia nyingi bila paa. Makanisa ya Amerika ya Kaskazini yaliitika haraka. Vikundi vya waumini vilipanda ndege, vikakaa wiki moja au mbili, vikajenga nyumba, vikarudi kwao. Wakati huohuo nyumba nyingine zilikuwa zikijengwa na shirika la Kikristo la wenyeji kwa mikono ya watu wa hapohapo. Kurt Ver Beek, mwalimu wa sosholojia wa Chuo cha Calvin huko Michigan, ambaye ameishi Honduras miaka mingi, alizihoji familia za pande zote mbili, na mwaka 2006 akachapisha alichokikuta. Nyumba iliyojengwa na wageni, ukijumlisha na nauli zao, iligharimu kama dola 30,000. Ya wenyeji iligharimu kama dola 2,000. Miaka michache baada ya funguo kukabidhiwa, hakukuwa na tofauti ya maana kati ya familia hizi na zile. Wenyeji walipoulizwa wangependa nini, walisema wageni wanakaribishwa, lakini ingekuwa vizuri zaidi kama fedha za safari zingejenga nyumba nyingi zaidi na kuwapa watu kazi.

Hesabu hiyo inajulikana vizuri kwa watu wa misheni, na bado safari zimeendelea. Robert Wuthnow wa Chuo Kikuu cha Princeton, akitumia uchunguzi wa mwaka 2005, alikadiria kwamba waumini wa Marekani wapatao milioni 1.6 walikuwa wakienda nje ya nchi yao kila mwaka kwa umisheni wa muda mfupi. Nusu yao walikaa siku nane au pungufu, ukiondoa siku za njiani. Sehemu ya watu hao huja kwetu. Kuanzia Juni hadi Agosti, shule za kwao zikiwa zimefungwa, utawaona Nairobi, Entebbe na Kilimanjaro wakishuka kwa makundi, fulana za rangi moja, masanduku yaliyojaa penseli, mipira na dawa. Nauli, chanjo, bima, malazi na gari la kukodi hufika kwa kawaida dola 3,000 kwa mtu mmoja, mara nyingi zaidi. Kikundi cha watu 15 basi ni dola 45,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 100 za Tanzania. Sharika nyingi za vijijini hazikusanyi sadaka ya kiasi hicho kwa miaka.

Watetezi wa safari hizi wana jibu ambalo halipaswi kupuuzwa. Wanasema fedha hizo zisingepatikana vinginevyo. Shangazi anachangia kwa sababu ni mpwa wake anayekwenda, wala asingetoa dola mia mbili kwa fundi wa Honduras asiyemfahamu. Zaidi ya hayo, wanasema, kijana aliyeona kwa macho yake atakuwa mtoaji na mwombaji wa maisha yote. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo naikubali. Ya pili Ver Beek aliipima pia: aliwauliza watu 127 waliorudi kutoka Honduras, na waliosema maisha yao yalibadilika kwa kiasi kikubwa walikuwa kama 16 kwa kila 100. Machozi ya siku ya kuagana ni ya kweli. Kinachokosekana ni mtu wa kumshika mkono huyo kijana akisharudi nyumbani, na programu nyingi huishia uwanja wa ndege.

Mimi naliangalia jambo hili kutoka upande wa wanaopokea, kwa sababu vitabu vingi juu yake vimeandikwa na wanaotuma, kwa ajili ya wanaotuma. Sikubaliani na wanaotaka safari hizi zifutwe zote. Wala sikubaliani na wanaosema nia njema inatosha. Nadhani urefu wa safari si kiini cha tatizo, hata gharama yake si kiini. Kiini ni neno la mwisho: kikao cha kupanga kinapofungwa, ni la nani?

Kwa muda mrefu swali hilo lilikuwa na jibu jepesi, maana mmisionari alikuja kukaa. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miezi michache baadaye akamzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, akaishi Rabai na maeneo ya jirani mpaka 1875, akaondoka akiwa kipofu. Waliobatizwa kwa mkono wake walikuwa wachache mno. Lakini watu hao walijifunza lugha kabla ya kufundisha chochote, na kamusi ya Kiswahili ya Krapf iliyochapishwa mwaka 1882 ingali ikitumiwa na wachunguzi wa lugha. Siwapambi. Umisheni wa karne ile ulitembea karibu mno na ukoloni, na wengi waliokuja baadaye walitawala makanisa kama mabwana shamba. Hata hivyo waliyaishi matokeo ya makosa yao. Mmisionari aliyegombana na wazee wa kijiji Jumatatu alikutana nao kisimani Jumanne.

Safari za haraka zilibadilisha hali hiyo. Mwaka 1957 mwanafunzi Mmarekani, George Verwer, na wenzake wawili walikwenda Mexico wakati wa likizo wakiwa na maandiko ya Injili ya kugawa, na kutokana na safari hiyo likazaliwa shirika la Operation Mobilisation. Mwaka 1960 Loren Cunningham alianzisha Youth With A Mission kwa wazo kwamba vijana wasio na shahada ya theolojia wanaweza kutumwa kwa miezi michache. Baada ya hapo ilibidi tu kila usharika wenye kiongozi wa vijana na watu wa kuchangia uone kwamba unaweza kufanya vilevile bila kupitia shirika lolote.

Katikati ya mabadiliko hayo sauti ya Afrika Mashariki ilisikika waziwazi. Mwaka 1971, huko Milwaukee, Mchungaji John Gatu, katibu mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, aliwaambia Wakristo wa Marekani waliomwalika kwamba wamisionari wa kigeni waondoke kwa muda usiopungua miaka mitano, ili makanisa ya huku yajitambue na yasimame. Miaka mitatu baadaye, mkutano mkuu wa Baraza la Makanisa ya Afrika Yote uliofanyika Lusaka uliunga mkono usitishaji huo, wa watu na wa fedha. Wazungu wengi walichukia, na Waafrika wengi wakaogopa. Usitishaji haukutekelezwa. Makanisa mengi makubwa ya zamani yalipunguza wamisionari wa kudumu kwa sababu zao wenyewe, nafasi ikajazwa na wageni wa siku kumi. Kanisa lililokuwa limeomba nafasi ya kupumua likajikuta na wageni wengi kuliko kwanza, tena wasioijua lugha.

Gatu hakuwa mtu wa chuki. Alikuwa ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, na Uamsho wenyewe ulienea kwa safari fupi. Hapa ndipo ninapoona hoja ya kufuta safari zote inaposhindwa. Mwaka 1937 timu kutoka Rwanda na Uganda ilifika Kabete karibu na Nairobi, ikashuhudia kwa siku chache na kuondoka, na Ukristo wa Kenya haukurudi ulivyokuwa. Kabla ya muongo huo kwisha, timu zilikuwa zimevuka hadi upande wa Bukoba. Mwaka 1947 William Nagenda wa Uganda na Yosiya Kinuka, msaidizi wa hospitali ya Gahini huko Rwanda, walisafiri na Daktari Joe Church kwenda Uingereza kuwahubiria waliowaletea Injili. Mwaka 1959 Festo Kivengere, aliyekuwa amefundisha shule Dodoma, na Askofu Yohana Omari wa Tanganyika walizunguka Australia. Watu hawa hawakukaa. Walilala katika nyumba za watu, wakala walichopewa, wakaungama dhambi zao mbele ya wenyeji wao. Uamsho ulikuwa na magomvi yake, na sharika kadhaa zilipasuka kwa ajili yake. Lakini timu za Gahini hazikuwa na matofali wala bahasha. Aliyewasikiliza aliwasikiliza kwa sababu ya walichosema, na aliyewakataa hakupoteza bati la kanisa.

Maandiko yenyewe yanaelekea huko. Katika Luka 10 wale sabini wanatumwa wawili wawili bila mfuko wala viatu vya akiba, na wanaambiwa wakae nyumba watakayopokelewa na kula watakachowekewa. Wanatumwa wakiwa wahitaji. Paulo, kwa simulizi ya Matendo ya Mitume, alihojiana na watu wa sinagogi la Thesalonike kwa sabato tatu, muda usiozidi sana ule wa kikundi cha kutoka Texas. Kisha akamrudisha Timotheo kuwaangalia, akawaandikia barua, akaendelea kuwabeba. Korintho alikaa mwaka mmoja na nusu. Muda ulibadilika kufuatana na hali ya mahali.

Sasa tuingie jikoni. Mwezi mmoja kabla ya wageni kufika, wazee wa kanisa wanakaa kikao. Nani ana choo cha kukaa? Magodoro mapya yatatoka wapi? Kina mama watapika kwa zamu, wengine wakiacha mashamba, kwa maana Juni na Julai, miezi ya mapumziko ya kule, ndiyo miezi ya kuvuna mahindi katika sehemu kubwa ya nchi yetu. Kwaya inafanya mazoezi kila jioni. Mchungaji anasogeza darasa la kipaimara, na msiba ukitokea anamtuma mwinjilisti. Shule ya msingi ya jirani inasimamisha vipindi ili watoto wakaimbe. Mwalimu wa Kiingereza wa sekondari anachukua ruhusa awe mkalimani, na kwa siku kumi yeye ndiye sauti ya kila mtu, bila malipo na bila kupumzika. Yote haya hufanywa kwa furaha, na furaha hiyo siitilii shaka, nimeiona na nimeshiriki. Ninachosema ni kwamba gharama hizi hazimo katika bajeti yoyote. Bajeti ya safari imeandikwa kule. Ya mapokezi haijaandikwa popote.

Kisha kazi inaanza. Fundi wa kijiji, ambaye angelipwa kwa siku hizo kumi, anageuka mwalimu wa watu wasiowahi kushika mwiko. Jioni kuna mkutano wa Injili uwanjani, na pengine filamu ya Yesu ya mwaka 1979 inaonyeshwa kwa Kiswahili. Mhubiri anawaita wanaotaka kuokoka, mikono inanyooshwa, mtu anahesabu, na idadi inasomwa kanisani kule Marekani Jumapili inayofuata. Mchungaji wa hapa anaitazama ile mikono na kuwatambua wenyewe kwa majina: ni washarika wake, wengine ni wazee wa kanisa. Hasemi kitu.

Kwa nini hasemi? Hapo ndipo penye uzito, na hatuwezi kuwabebesha wageni lawama yote. Sababu ya kwanza ni adabu. Tumelelewa kuamini kwamba mgeni akija mwenyeji hupona, na kumkosoa mgeni aliyesafiri bahari mbili ni aibu ya ukoo mzima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake mwenyeji ndiye anayetoa jembe, na anajua amuweke mgeni kwenye tuta lipi. Siku hizi mgeni anashuka na jembe lake mkononi na tuta amelichagua kwenye ramani akiwa kwao. Sisi tunasimama pembeni tukishukuru.

Sababu ya pili ni fedha. Bati za kanisa, ada za wanafunzi wa sekondari, pikipiki ya mwinjilisti, yote yamefungwa kwenye ziara. Kukiambia kikundi kisije mwaka huu ni sawa na kukataa bati, na hakuna mzee wa kanisa atakayejitolea kubeba lawama hiyo mbele ya mkutano wa usharika. Wageni wengi hawajui kabisa kwamba wapo katika hali hiyo. Wanauliza kwa moyo mweupe, “Mngependa tufanye nini?” na wanajibiwa kwa moyo uleule, “Chochote mtakachoona.” Kila upande unadhani umemheshimu mwenzake.

Ipo na sababu ya tatu, ambayo tunaisema kwa minong'ono. Mara nyingi uhusiano na wafadhili unamilikiwa na mtu mmoja. Anwani za barua pepe ziko kwake, mazungumzo ya simu ni ya kwake, mwaliko wa kwenda Marekani unakuja kwa jina lake. Baraza la wazee linasikia tarehe za ziara zikiwa zimeshapangwa na halijawahi kuona hesabu. Katika mazingira hayo umisheni wa muda mfupi unamjenga mtu na kuliacha kanisa lilivyo. Tukimaliza kuwasema Wamarekani turudi kwenye hili, kwa sababu ni letu na tunaweza kulirekebisha bila kumwomba mtu yeyote ruhusa.

Ukimya huo ukigusa ujenzi wa ukuta, hasara ni ukuta. Ukigusa watoto, mambo ni mazito zaidi. Kwa miaka mingi kituo cha watoto yatima kimekuwa kituo kipendwacho cha ziara, kwa sababu mtoto anakumbatiwa bila mkalimani. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba watoto wengi wanaoishi katika vituo hivyo wana mzazi mmoja angalau aliye hai. Kilichowatenga na nyumbani ni umaskini. Palipo na wageni wenye michango, vituo vinaongezeka, na vituo vikiongezeka watoto wanatafutwa wa kuvijaza. Mtoto naye anajifunza kumshikilia kila mgeni na kumpoteza kila baada ya wiki mbili. Haiti ilishuhudia kilele cha upofu huu: Januari 2010, chini ya wiki tatu baada ya tetemeko la ardhi, Wabaptisti 10 wa Marekani walikamatwa wakijaribu kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila hati, na ikabainika kwamba wengi wa watoto hao wazazi wao walikuwa hai.

Nairobi ina jeraha lake. Mwaka 2014 kijana wa Oklahoma aliyekuwa akijitolea katika kituo cha watoto alishtakiwa kwa kuwadhulumu kingono watoto waliowekwa chini ya uangalizi wake. Mahakama ya Marekani ilimtia hatiani mwaka 2015, na mwaka uliofuata ikamhukumu kifungo cha miaka 40. Wajitoleaji walio wengi hawana nia kama hiyo. Lakini mlango uliomwingiza ni uleule wanaopitia wote: mgeni, kwa kuwa ni mgeni na ni wa kanisa, anaachwa na watoto wetu kwa namna ambayo kijana wa kijiji jirani asingeachwa. Kenya ilisitisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi wanachama kuchukua hatua dhidi ya madhara ya utalii na kujitolea katika vituo vya yatima. Kwa maoni yangu kanisa lisingoje serikali. Ziara za vikundi katika vituo vya watoto zikome, na fedha zake ziende kwa bibi anayelea wajukuu wanne nyumbani kwake.

Tiba inafuata kwa uzito. Kliniki ya siku tatu chini ya mwembe huvuta foleni kubwa, na upo msaada wa kweli unaotolewa pale: jino linang'olewa, miwani ya kusomea inapatikana, mtoto wa jicho anaonekana na kupewa rufaa. Shida ni magonjwa yasiyokwisha kwa siku tatu. Mzee mwenye shinikizo la damu anapewa vidonge vya mwezi mmoja, na mwezi wa pili zahanati yake haina dawa hiyo, tena mganga wa zahanati hana karatasi inayoonyesha alipewa nini. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya dawa tangu 1996, likataka dawa inayofika iwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake na likakataza dawa zilizorudishwa na wagonjwa wengine. Nchi zetu nazo zina sheria. Daktari wa kigeni anahitaji usajili wa muda wa baraza la madaktari, dawa zinahitaji kibali, na mtu anayekuja kufundisha, kuhubiri au kutibu hawezi kufanya hivyo kwa visa ya utalii. Bado vikundi vingi huambiwa na wenyeji wao waandike “utalii” ili kuokoa muda na ada. Kanisa linalofundisha ukweli linaanza ziara kwa maandishi ya uongo, na hilo linaniuma.

Jinja, Uganda, ilionyesha mwisho wa njia hiyo. Mwanamke kijana wa Marekani alikuja mara ya kwanza mwaka 2007 kujitolea, akarudi, na mwaka 2009, akiwa hana mafunzo ya utabibu, akaanzisha shirika lililokuja kuwapokea watoto wenye utapiamlo mkali. Kati ya 2010 na 2015 watoto 105 walifia katika kituo hicho. Mwaka 2019 mama wawili waliofiwa walifungua kesi, wakisema watoto wao walitibiwa na mtu asiye na sifa. Yeye alikana, akisema alisaidiana na wauguzi na madaktari wa Uganda, na mwaka 2020 pande mbili zilipatana nje ya mahakama bila yeye kukiri kosa. Kesi hiyo imejadiliwa sana kwa upande wa rangi ya ngozi ya mwanamke huyo. Mimi hunisumbua zaidi swali la waliomzunguka: viongozi wa wilaya, wachungaji, majirani. Kwa miaka ile, nani alikuwa na nafasi ya kumwambia simama?

Basi ni safari gani fupi zinazofaa? Nenda Kijabe au Tenwek, hospitali za misheni za Kenya. Chuo cha madaktari wapasuaji Wakristo wa Afrika, PAACS, kilichoanzishwa mwaka 1996, huwafundisha madaktari wa Kiafrika upasuaji kwa miaka mitano katika hospitali za namna hiyo. Mabingwa kutoka ng'ambo huja kwa wiki chache kufundisha. Hawafungui mradi wao. Wanaingia katika ratiba iliyopo, wanasimama kando ya mwanafunzi anayeshika kisu, na wakiondoka mwanafunzi amebaki. Wiki mbili za bingwa wa mishipa ya fahamu zinatosha kabisa, kwa kuwa mwenyeji anajua anachokosa na amemwita mtu wa kukileta.

Iringa ni mfano wa namna nyingine, na naupenda zaidi kwa sababu si wa wataalamu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) na sinodi ya Kilutheri ya Saint Paul huko Minnesota zina ushirikiano uitwao Bega kwa Bega. Sharika zinaunganishwa moja kwa moja, ya kule na ya huku. Wanafunzi hulipiwa ada, miradi ya maji na afya huendeshwa, na wageni huja kwa muda mfupi, lakini wanaofika huja nyumbani kwa watu ambao washarika wenzao walikwishawatembelea na wataendelea kuwatembelea. Mengi ya muda wao hupita katika kusalimiana, kula na kusali. Mhasibu anaweza kuuliza matokeo yako wapi. Matokeo ni kwamba miaka zaidi ya 30 imepita na watu wanajuana kwa majina, wanajua nani amefiwa, na wanaweza kuelezana yasiyopendeza. Ushirikiano huo nao una magumu yake, maana fedha bado inatoka upande mmoja. Lakini panapokuwa na miaka, mwenyeji anapata ujasiri wa kusema hapana, na mgeni anajifunza kwamba hapana ile haikumaanisha chuki.

Nasi tumeanza kutuma. Vyama vya wanafunzi Wakristo wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania hufanya misheni za wiki nzima wakati wa likizo, wengine wakivuka mpaka. Kutuma kuna hatari zake: Korea Kusini, iliyopokea wamisionari kabla ya kuwa mtumaji mkubwa, ilipata fundisho chungu Julai 2007, wakati Wakorea 23 wa kikundi cha kanisa walipotekwa na Taliban nchini Afghanistan na wawili wao kuuawa. Mwanafunzi wa Nairobi anayekwenda Turkana na fulana mpya, akarudi na idadi ya waliookoka, hana tofauti kubwa na yule wa Texas. Anaijua nusu ya lugha, anakula vizuri kuliko wenyeji wake, na ana tikiti ya kurudi. Tukitaka kuwaonya wengine, tuanze kwa kuandaa hawa wetu.

Kazi iliyopo ni ya vikao, na inaweza kuanza mwaka huu. Barua ya mwaliko iandikwe na baraza la wazee, isainiwe na zaidi ya mtu mmoja, na nakala ikae ofisini. Iseme tarehe, baada ya mavuno. Itaje idadi ya wageni kulingana na nyumba zilizopo, na kama nyumba ni tano basi wasije 25. Iorodheshe kazi ambazo wageni hawatafanya kwa sababu wapo mafundi wa kuzifanya. Gharama za mapokezi, pamoja na posho ya mkalimani, ziingie katika bajeti moja na nauli, na bajeti hiyo isomwe kwa washarika wa pande zote mbili. Ahadi za bati na ada ziandikwe mahali pengine, kwa muda wake, zisitegemee kama ziara imefanyika au imeahirishwa. Na safari ya kurudi ihesabiwe tangu mwanzo. Ada ya ombi la visa ya Marekani, ambayo mwaka 2023 iliwekwa kuwa dola 185, hairudishwi hata ukinyimwa, na wazee wetu wengi wamenyimwa. Iwekwe katika bajeti hiyohiyo, pamoja na nauli ya mzee wa kanisa na mama wa idara ya wanawake, na usharika wa kule uwaandikie ubalozi mapema. Wakifika wapewe wiki mbili kamili za kukaa katika nyumba za watu, kuhudhuria vikao, na kuwaambia wenyeji wao, kama Nagenda na Kinuka walivyofanya mwaka 1947, walichokiona kinapungua katika kanisa lao.